Mahali pa Kuvuta Pumzi

Anayejua kuwasomea watoto utamtambua kwa jinsi anavyokishika kitabu, kabla hajatamka neno. Asiyejua hukishika kwa faida yake: kurasa zimemwelekea yeye, watoto wanatazama jalada, na picha zote anazifaidi peke yake. Anayejua hukiweka pembeni, usawa wa bega la kushoto, kurasa zikiwatazama watoto, na yeye husoma kwa kuibia, shingo imepinda kidogo. Kidole gumba kimeshika chini katikati, pale kurasa mbili zinapokutana, kisije kikafunika mguu wa tembo au mkia wa mamba. Mkono wa kulia uko huru, na huo ndio wenye kazi. Unapita chini ya mstari, unagusa picha, na muda mrefu kabla maneno hayajaisha umeshaukamata ukurasa kwenye pembe ya juu, tayari kuufunua.

Ninayemsema hapa ni mama mmoja wa Kisanga, katika komini ya Annexe, Lubumbashi. Anauza makala, yaani makaa ya kupikia. Hana cheti cha ualimu, na ukimwuliza anafanya nini Jumamosi alasiri na watoto wa majirani atakujibu kwamba anawatuliza tu. Sikubaliani naye. Huo ni ufundi kamili, wenye zana zake, hatua zake na makosa yake yanayojulikana, sawa na ushonaji. Ila kazi ikiisha hakuna vazi la kumtundikia mteja alione.

Annexe haiko upande mmoja wa mji. Imezizunguka komini nyingine sita zote, na huanzia pale lami inapochoka. Upande wa Kasapa kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na maprofesa, na maktaba. Ukienda Kisanga, Kalebuka au Kasungami unakuta mashamba ya mahindi yanayopakana na nyumba ambazo ujenzi wake hauishi, na vichuguu virefu kuliko nyumba hizo. Udongo wa vichuguu ndio unaofyatuliwa matofali, na matofali huchomwa papo hapo, hivyo lupango nyingi, yaani viwanja vya nyumba, zina rundo lake likingojea pesa ya saruji. Watoto huketi juu ya marundo hayo. Matofali ya kukalia hayakosekani. Kinachokosekana ni vitabu.

Mama huwapanga nusu duara, wadogo mbele. Yeye mwenyewe huketi kwenye kigoda kifupi, chini kuliko ungetegemea kwa mtu mzima, ili uso wake usisimame juu ya kitabu. Jua huliacha nyuma ya watoto: linaangukia ukurasa bila kuwachoma macho. Juni na Julai, baridi ya Katanga inapoanza kuuma, huwahamishia kwenye ukuta ulioota jua tangu asubuhi. Kuranti, yaani umeme, ikija jioni ni sawa, isipokuja pia ni sawa, kwa kuwa wakati wa kuwasha taa kitabu kimeshafungwa na watu wanasonga bukari, ugali wetu.

Lakini kazi yenyewe huanza mapema zaidi, asubuhi, akiwa anangoja wanunuzi. Husoma kitabu chote peke yake, midomo ikicheza bila sauti. Ana kipande cha penseli, kifupi cha kushikwa kwa ncha za vidole. Nilikiazima kitabu chake kimoja nikaona anavyokitumia. Kistari kidogo kilichosimama kati ya maneno mawili: hapa pumua. Vistari viwili: pumua, kisha watazame. Duara kwenye neno: hili hawalijui. Kwenye ukurasa ambao mamba anatoa kichwa majini kulikuwa na vistari vitatu, na chini yake alama iliyofutwa na kuandikwa upya, kama vile alisoma mara ya kwanza akaona amewahi mno. Kitabu cha kurasa kumi na sita kinamchukua asubuhi nzima kwa vipande vipande, kati ya mnunuzi mmoja na mwingine. Watoto hukimaliza kabla jua halijahama ukutani.

Kwa nini pumzi ipewe heshima yote hiyo? Chukua sentensi hii: Kalulu hakulala chini ya mti akasubiri. (Kalulu ndiye sungura wetu huku Katanga na ng'ambo ya mpaka, Zambia.) Ukipumua baada ya "hakulala", basi Kalulu yuko macho, yuko chini ya mti, anasubiri. Ukipumua baada ya "mti", hakujilaza hapo kabisa, na anakosubiria hatujaambiwa. Na kama fisi anakuja kumtafuta pale pale mtini, mtoto wa miaka mitano anataka kujua moja tu: atamkuta au hatamkuta? Mkato uliochapwa vizuri humaliza shaka. Vitabu vingi vya bei nafuu vimeusahau, au umewekwa pale nafasi ilipobaki. Hapo msomaji ndiye anayeamua, na asipoamua mapema asubuhi ataamua vibaya alasiri, mbele ya watu.

Lubumbashi ina ushahidi mkubwa wa jambo hili, na haukutoka kwa watoto. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mji huu, historia ya mji kama walivyoiona waliokuwa watumishi katika nyumba za wazungu, waliokuwa wakiitwa maboi. Maandishi hayo yanajulikana kwa jina lake la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Yav hakuwa na mwongozo wa tahajia ya lugha aliyokuwa akiisema. Aliandika kama alivyosikia: neno moja limekatwa vipande, mengine yameshikamana, nukta na herufi kubwa zikitokea zinapotokea. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti wake Katanga miaka ya 1960, alipoyasoma kwa macho peke yake alikwama. Kilichomkwamua ni sauti. Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha, aliyasoma yote kwa kinywa, akarekodiwa, na kutokana na sauti yake maandishi yakaweza kugawanywa upya na kufasiriwa. Kitabu kilitoka mwaka 1990, na jina la Kalundi limo pamoja na la Fabian na la Yav.

Wataalamu wamejadili sana maana ya maandishi hayo kwa historia ya ukoloni, na wana haki. Mimi humfikiria zaidi Kalundi akiwa mbele ya kinasa sauti. Maneno yote ni ya Yav, tena Yav hayupo mbele yake aulizwe. Alichokuwa nacho ni sikio la mtu aliyeyasikia maneno kama hayo maisha yake yote, na uamuzi, mstari kwa mstari, kwamba hapa panakatika na hapa hapakatiki. Mama wa Kisanga hajapata kukisikia kitabu hicho. Penseli yake inafanya kazi ileile.

Kiswahili kina neema yenye mtego ndani. Huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti, bila kosa hata moja, na asiambulie kitu. Kila mwalimu wa darasa la pili anamjua mtoto huyo. Ba-ba a-na-li-ma sha-mba, sauti imenyooka kutoka mwanzo hadi nukta, na ukimwuliza baba anafanya nini anakutazama wewe, halafu anatazama dari. Mtoto aliyezoea kusomewa ana kitu ambacho silabi hazikumpa: ana mwendo wa sentensi kichwani kabla ya kuzijua herufi zake. Akifika katikati ya mstari anajua sauti inapaswa ipande au ishuke, na ikigoma hurudi nyuma mwenyewe bila kuambiwa. Faida nyingine zote za kusomewa, na ni nyingi, naona zinasimama juu ya hii.

Kuhusu sauti nina ugomvi na wengi. Mtu akiambiwa awasomee watoto, mara moja anaanza kuigiza: ananguruma, anabweka, anaruka na kitabu mkononi. Mji huu una waigizaji wa kujivunia. Kundi la Mufwankolo limewachekesha watu wa Lubumbashi redioni, jukwaani na kwenye televisheni, vizazi kwa vizazi, kwa Kiswahili hiki hiki cha mtaani. Mwigizaji anataka macho yote yamfuate yeye. Msomaji anayataka kitabuni. Mama humpa fisi sauti nzito kidogo tu kuliko yake ya kawaida, na Kalulu humharakisha kidogo, basi. Inatosha kwa mtoto kujua nani anasema. Siku moja jirani, kijana mchangamfu, aliomba naye asome, akamfanya simba wa kutisha kweli, watoto wakacheka mpaka wakalala chini. Nilipowauliza baadaye simba alikuwa anatafuta nini, wakaningurumia.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haina neno. Anafika mwisho wa ukurasa, sauti inashuka, mkono uko pembeni pa karatasi, na haufunui. Anawatazama.

"Uko unaona nini?" anamwuliza mmoja.

"Atamukula!"

"Apana, Kalulu atakimbia!"

Hasemi nani amepata. Anauliza tena, polepole, "Juu ya nini?" yaani kwa nini, kisha anangoja. Kwa mtu mzima kungoja huko ni kurefu hadi unataka kumsaidia mtoto kujibu. Yeye hamsaidii. Yuko mmoja mdogo, anayekaa daima mwisho wa mstari, ambaye jibu lake huja wakati wengine wameshachoka kupiga kelele. Siku hiyo alisema Kalulu hawezi kukimbia kwa sababu amebeba mzigo wa mahindi, angalia. Wote wakainama kuangalia picha. Mzigo ulikuwepo. Maneno ya kitabu hayakuutaja popote. Ndipo ukurasa ukafunuliwa.

Linganisha na swali tunalolijua sote tangu darasa la kwanza: "Mumeelewa?" Jibu lake ni "Ndiyoooo", kwa pamoja, na limekuwa hilo tangu shule ya kwanza ilipojengwa. Swali hilo halijapata kumgundua hata mtoto mmoja asiyeelewa.

Grover Whitehurst na wenzake huko New York waliupima ufundi huu mwaka 1988. Waligawa makundi mawili ya wazazi wenye watoto wa miaka miwili hivi. Wote waliwasomea watoto wao, kwa mara zinazolingana. Kundi moja lilifundishwa namna: uliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, lichukue jibu la mtoto ulirefushe kidogo, mpe nafasi asimulie yeye. Kundi lingine lilisoma kama lilivyozoea. Baada ya mwezi mmoja watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewaacha wenzao mbali katika kusema. Wingi wa kusoma ulikuwa sawa. Kilichotofautiana ni mkono wa fundi. Nautaja utafiti huo kwa sababu kampeni za kusoma hupenda kuhesabu: dakika ngapi, vitabu vingapi. Mama wa Kisanga kuna Jumamosi amemaliza kurasa sita tu za kitabu kizima, na hiyo ilikuwa Jumamosi nzuri.

Naye hurudia. Watoto hawataki hadithi mpya. Wanataka ile ya Kalulu na mamba, ile ile, wiki baada ya wiki, hadi mtu mzima anahisi kukichukia kitabu. Hapo ndipo wengi wetu tunapofanya hila ya kuruka ukurasa, na ndipo tunapokamatwa, kwa kuwa mtoto anayeijua hadithi hulinda kila neno lake. Mama haruki. Anajua kwamba safari ya kwanza mtoto anafuata nini kitatokea, na akishajua mwisho ndipo anapata nafasi ya kuyasikia maneno. Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zilezile mara kwa mara walishika maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliosomewa hadithi mbalimbali zenye maneno hayohayo. Kwenye matofali ya Kisanga dalili yake ni nyepesi kuiona. Mara ya tatu au ya nne watoto huanza kumalizia sentensi wao, na mama huwaachia neno la mwisho, halafu mawili, halafu nusu ya mstari.

Hapa kuna kazi ya ziada ambayo msomaji wa Tanga au Zanzibar haimpati. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vingi vinatoka Dar es Salaam na Nairobi, na Kiswahili chake, ambacho hapa tunakiita Swahili bora, si kile ambacho mtoto wa Annexe anaamka nacho. Nyumbani huenda wanasema Kisanga (lugha ya Wasanga), Kibemba, Kiluba au Kirund. Mtaani ni Swahili ya Lubumbashi, ambamo watoto ni batoto na mtu anakuwaka, anaendaka, anasemaka. Darasani sheria ya elimu ya Februari 2014 imeziruhusu lugha za taifa na za mazingira kufundishia, nacho Kifaransa kinangoja mlangoni. Msomaji anasimama katikati ya hayo yote na kitabu kimoja.

Wapo wanaolitatua kwa kubadilisha kila kitu papo kwa papo: wanatazama Swahili bora na kusoma Swahili ya mtaani. Watoto wanafurahi, lakini kitabu kimebaki kimefungwa. Wapo wanaosoma kilichoandikwa bila kujali, na kufikia ukurasa wa pili wadogo wanachezea mchanga. Mama hufanya jambo la tatu, na inabidi usikilize sana ndipo ulione. Ukurasa wa kwanza ameandikiwa: Sungura alikuwa akienda sokoni. Anasoma, "Sungura," anateremsha sauti kama anayemwambia mtu siri, "Kalulu wetu," anairudisha juu, "alikuwa akienda sokoni." Pumzi. "Alikuwa anaenda ku soko." Pumzi, na anaendelea. Kilichoandikwa amekisoma kama kilivyo, kikiwa na sauti yake. Cha mtaani amekiweka pembeni, kikiwa na sauti yake. Hilo hulifanya kurasa mbili za mwanzo. Kuanzia ya tatu anasema "sungura" tu na hakuna anayeuliza. Katikati ya kitabu utamsikia mtoto akimwambia mwenzake "akaondoka zake", maneno ambayo hakuyatoa kwa mama yake wala kwa dereva wa taxibus.

Maneno ya namna hiyo ndiyo hazina. Donald Hayes na Margaret Ahrens, walipolinganisha maandishi na mazungumzo mwaka 1988, waliona kwamba vitabu vya watoto vina maneno adimu mengi kuliko mazungumzo ya kawaida ya watu wazima waliosoma chuo. Lugha yao ilikuwa Kiingereza, lakini sababu iko wazi popote. Kwenye mazungumzo tunaonyesha kwa kidole na kusema "kile". Kitabu hakina kidole, kinalazimika kutaja. Katika wiki nzima ya kuuza makala mtu hapati haja ya kusema "kinamasi". Mamba wa hadithi haishi mahali pengine.

Ufundi huu haukuanza na karatasi. Nchi hii ilikuwa ya Walamba kabla ya mji, na Clement Doke, aliyechapisha hadithi za Walamba mwaka 1927, aliandika pamoja nazo nyimbo zake, kwa maana hadithi nyingi zina wimbo katikati, msimulizi anauanzisha na wasikilizaji wanauitikia. Wabemba nao wana masimulizi ya namna hiyo. Anayesoma kitabu leo anaweza kuurithi mlango huo. Kitabu cha mama kina mstari unaojirudia kila Kalulu anapovuka mto. Haukuandikwa kuwa wimbo, lakini safari ya pili aliusoma kwa mapigo, ya tatu akaupa tuni, na sasa ni wa watoto. Yule mdogo kabisa, ambaye bado hasemi vizuri, anangoja wimbo huo tu. Ukifika anauimba wote, na akimaliza anaangalia kuku.

Kitabu kimoja, watoto kumi na zaidi. Wageni wakiona hivyo huona umaskini, na si uongo. Lakini hesabu yake nzuri haitajwi. Kusoma kimyakimya kunadai nakala kwa kila mtoto. Kusoma kwa sauti kunadai nakala moja na mtu mmoja aliyejiandaa. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure katika shule za serikali, Septemba 2019, madarasa yamejaa hadi watoto watatu au wanne wanabanana kwenye dawati moja, na mwalimu anayengoja kila mmoja apate kitabu chake atastaafu akingoja. Dakika kumi za kusoma vizuri kwa sauti, kila siku, kitabu kikiwa juu ili picha ionekane hadi nyuma, anaweza kuanza kesho. Itamdai jambo ambalo ratiba haijampa: asubuhi ya penseli.

Ufundi usio na mwanafunzi hufa na fundi, na mama amepata mmoja. Ni msichana wa darasa la sita anayesoma haraka mno. Ana akili, anazijua herufi zote, na kwake kusoma ni mbio ambazo anayefika nukta wa kwanza ndiye mshindi. Mama hakumpa mawaidha. Alikaa kando yake, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, akafunika mistari yote isipokuwa mmoja. Msichana akausoma, akagonga kiganja, akangoja. Kiganja kikashuka mstari mmoja. "Polepole, mama," alimwambia, kwa kuwa huku kwetu hata mtoto wa kike tunamwita mama tukimpenda. "Hakuna mwenye anakukimbiza." Wakaendelea hivyo hadi chini. Walipofika mamba anapotoa kichwa, kiganja kilikaa. Msichana alitazama watoto, kwa mara ya kwanza tangu aanze, akaona kwamba walikuwa wanamtazama mamba.

Nyumbani msichana huyo anamsomea nkambo wake, yaani bibi yake, ambaye hakwenda shule, na wadogo zake wanasikiliza humo humo. Nkambo naye hukichukua kitabu baadaye, akawasimulia wajukuu picha zake kwa Kibemba, ukurasa kwa ukurasa, na hadithi yake si ile iliyoandikwa. Katika ya kwake mamba ana mke. Walimu wengine wangesema huko si kusoma. Mimi niliona mkono wa bibi umeshika pembe ya karatasi kabla ya wakati, unangoja, na wajukuu wote kimya wakijiuliza mke wa mamba atasema nini.

Anachonililia mama kila tukionana ni vitabu. Si lazima viwe vingi; viwe vya huku. Hadithi za Kalulu zilizoandikwa kwa Swahili ya Lubumbashi, zenye kichuguu, makala na taxibus, ziwekwe kando ya zile za Swahili bora, ili asiwe anateremsha na kupandisha sauti kila ukurasa wa kwanza. Watu wa kuziandika wapo, Kasapa na nje ya Kasapa, na Yav alishatangulia na tahajia yake ya kubuni. Tatizo litakuwa mikato. Lugha isiyo na mazoea ya kuchapwa haina pahali palipokubaliwa pa kuiweka, na mwandishi akiiga ya vitabu vya Dar es Salaam itaangukia pabaya, kwa kuwa sentensi ya huku inapumua kwingine. Ningemshauri awape kwanza wasomaji rasimu tupu, isiyo na mkato hata mmoja, pamoja na kipande cha penseli, na arudi kuichukua baada ya Jumamosi kadhaa.